Alama Kumi na Tisa

Bibi Nakiete aliita mara tatu. Mara ya tatu alipiga kelele iliyowarusha hata kuku wa jirani, lakini Nanzia hakugeuka. Mtoto aliendelea kurudi nyumanyuma, macho yakiwa juu akihesabu boriti za jiko la bibi yake, mpaka kisigino kikagonga figa na mkono ukaegemea ubavu wa sufuria ya makande iliyokuwa ikitokota.

Naelijwa, mama yake, alikuwa uani akikwaruza tangawizi. Aliposikia kilio alitupa kisu, akaingia mbio, akamnyakua mtoto na kuuzamisha ule mkono ndani ya ndoo ya maji. Kidonda hakikuwa kikubwa, kidole gumba kingeweza kukifunika. Bibi aliwafuata mpaka kwenye ndoo.

"Nimemwita, Mama Nanzia, Mungu ananiona," alisema, mwiko ukiwa bado mkononi. "Nimemwambia simama, mke mwenzangu, simama, utaungua! Hata jicho hakunitupia. Huyu mtoto siku hizi ananidharau, nilikuwa sitaki kukwambia tu."

"Mama, mtoto wa miaka mitatu atajulia wapi kudharau?"

"Basi mwulize mwenyewe."

Nanzia alikuwa ameshanyamaza. Zilibaki siku kumi atimize miaka minne, na alizungumza kama karani wa mahakama.

"Ni ngozi ya juu tu, Mama. Maji ya baridi dakika ishirini. Usipake dawa ya meno."

"Sawa, mwanangu. Lakini Bibi alikuita. Hukumsikia?"

Mtoto alimtazama bibi yake kwa makini, kuanzia kilemba mpaka ndala, kama mtu aliyepewa kazi ya kumkagua.

"Bibi hasemi," alijibu. "Bibi anafungua mdomo tu."

Bibi Nakiete akaketi kwenye kigoda. Huyu ni mwanamke ambaye kijiji kizima cha Mamba, toka sokoni hadi kanisani, kilijua kwamba hajawahi kukosa la kujibu. Siku hiyo alikoroga tu makande yaliyokwisha kuiva.

*

Jumatatu asubuhi, kabla akina mama hawajajaa kwenye benchi la kliniki, Naelijwa alimkalisha Nanzia kwenye kiti cha vipimo. Masikio yalikuwa mazima. Alisikia mlio wa juu, mlio wa chini, hata kijiko kilichodondoshwa chumba cha pili. Basi Naelijwa akafanya jambo ambalo kama muuguzi aliruhusiwa, na ambalo kama mama hakuwahi kufikiria kulifanya: alifungua daftari la Mnong'ono.

Mnong'ono ni kitu kidogo, hakizidi punje ya kunde. Hupandikizwa nyuma ya sikio mtoto akiwa na miezi tisa, siku ileile ya chanjo ya surua, na kutoka hapo hushuka uzi mwembamba mpaka kwenye mshipa wa kusikia. Mtoto akimwona mbuzi na kumwita ng'ombe, sauti ndogo humnong'oneza: mbuzi. Akihesabu tatu, nne, sita, humrudisha kwenye tano. Kosa hufutwa kabla halijakaa. Watoto wa Mnong'ono walikuwa wakisoma kabla hawajang'oa jino la kwanza. Naelijwa aliwapandikizia watoto mia mbili na kumi na wawili kwa mikono yake mwenyewe, wa kwake akiwamo, na kila Jumatatu aliwaambia mama zao maneno yaleyale: mtoto huyu hatajifunza kosa hata moja, kwa hiyo hatakuwa na la kusahau.

Kila sauti inayomzunguka mtoto ilikuwa na ukurasa wake humo ndani. Alifungua ukurasa wa bibi.

NAKIETE. Ukweli: alama kumi na tisa kwa mia. Chini ya thelathini. Sauti imepunguzwa.

Chini yake kulikuwa na orodha, tarehe kwa tarehe.

"Mke mwenzangu, umemficha wapi mume wangu?" Uongo. Babu Kajiru alifariki kabla mtoto hajazaliwa.

"Leo nakula hivi vidole vyako, nianze na kipi?" Uongo.

"Sungura akamwambia fisi, shemeji, karibu ndani." Uongo. Wanyama hawasemi.

"Tumbo hilo! Limemshinda hata mwenyekiti wa kijiji." Uongo. Tumbo la mtoto ni sentimita hamsini na moja.

Orodha iliendelea, kurasa hata kurasa, miaka mitatu ya mapenzi ya bibi kwa mjukuu wake, kila mstari umegongwa muhuri wa uongo. Naelijwa alisoma huku akicheka, kisha akagundua hacheki tena. Mstari wa mwanzo kabisa aliukumbuka vizuri. Siku ya kupandikiza, kila mwanafamilia hutakiwa aseme mbele ya mashine jina lake na uhusiano wake na mtoto. Zamu ya Bibi ilipofika alijifunga khanga vizuri, akakaribia, akasema kwa kiburi, "Mimi? Mimi ni mke mwenzake!" Benchi zima liliangua kicheko. Naelijwa mwenyewe, machozi ya kicheko yakimtoka, ndiye aliyebonyeza "kubali." Nani katika nchi hii hajui bibi na mjukuu wanavyotaniana? Mashine haikujua. Ilimwandika Bibi Nakiete kuwa mtu aliyeanza kusema uongo tangu dakika ya kwanza, ikakaa kumwangalia.

Na miezi miwili iliyopita, alama zilipovuka thelathini kwenda chini, ilimzima polepole, mpaka ukaja wakati wa kusema "simama, utaungua," na neno la kweli likafuata njia ya yale mengine.

Naelijwa alitaka kufunga daftari. Badala yake akafungua ukurasa wake.

NAELIJWA. Ukweli: alama thelathini na nne kwa mia. Inashuka.

"Narudi sasa hivi." Uongo. Alirudi baada ya saa sita na dakika kumi.

"Sindano haiumi." Uongo.

"Silii, vumbi limeniingia." Uongo.

*

Palikuwa na mlango mmoja wa pembeni. Sauti iliyoandikwa kuwa ya mgonjwa wa akili haikuzimwa kamwe. Mtoto aliisikia yote, na baada ya kila sentensi Mnong'ono ulimkumbusha kwa upole kwamba huyu ni mgonjwa. Kubonyeza mara moja tu, na muuguzi yeyote aliweza. Naelijwa alikaa na kidole hewani mpaka chai yake ikapoa. Akawaza Nanzia akimtazama bibi yake kwa huruma ya kufundishwa, miaka na miaka, hata siku ya kumzika. Akarudisha kidole mfukoni.

Mchana alimpigia simu mumewe. Mbazi alikuwa Songwe, kwenye mitambo inayovuna joto la ardhini, na alikuwa mtu wa kusikiliza hadi mwisho kabla ya kusema.

"Kwa hiyo unataka kukitoa," alisema.

"Nataka kufikiria kukitoa. Akitimiza minne, uzi unakuwa umeshikana na mshipa. Hakitoki tena maisha."

"Na kikitoka?"

Hapo ndipo lilipokuwa jiwe lenyewe. Maneno ya mtoto huyo yalikuwa yameota yakiegemea ule mnong'ono, na ukiuondoa yanaanguka. Mtoto hukaa kimya, miezi miwili, mitatu, mwaka.

"Nchi nzima wametolewa watoto kumi na mmoja," Naelijwa alisema. "Tisa walirudi kusema."

"Na wawili?"

"Mpaka leo."

Mbazi alivuta pumzi. "Mama Nanzia, mimi namheshimu mama mkwe wangu, unajua. Lakini unataka mtoto wetu awe bubu ili mama apate wa kutaniana naye? Si umwambie tu mama aseme kweli?"

Lilikuwa swali la haki. Ndiyo maana lilimuudhi.

*

Bibi aliposimuliwa hakukasirika. Alishuka kutoka Mamba Jumatano na kikapu cha ndizi na mfuko wa nguo, akatangaza kwamba atakaa mpaka siku ya kuzaliwa ya mjukuu, na kwamba kuanzia saa hiyo hatasema neno lisilo la kweli. "Kama ni mtihani, nitaufanya," alisema. "Darasa la saba nilifaulu."

Akaufanya. Asubuhi alikaa mbele ya Nanzia, mikono magotini kama mtu aliyeitwa polisi.

"Hiki ni kijiko," alisema. "Ni cha bati. Leo ni Alhamisi. Mimi ni mama wa mama yako. Nina miaka sabini na moja. Goti langu la kulia linauma."

Nanzia alitazama mdomo wake ukichezacheza, kisha akarudi kwenye kitabu.

Siku ya kwanza alama zilipanda mpaka ishirini. Siku ya tatu, ishirini na mbili. Ilikuwa kichekesho, na Naelijwa angecheka kama asingekuwa anamtazama mama yake akipungua ndani ya nyumba yake. Kwa sababu Bibi Nakiete asiyetania hakuwa mtu mwingine mkweli zaidi. Alikuwa mzee mmoja aliyechoka, anayetaja vitu. Akianza kusema "njoo hapa, mke…" alijiziba mdomo kwa ncha ya khanga na kutazama dirishani. Hadithi ya sungura alijaribu kuisimulia kwa ukweli, akafika mahali sungura anabisha hodi, akasita, akasema, "Sungura ni mnyama. Anakula majani."

Jumamosi alitengeneza mtoto. Alichukua gunzi la hindi, akalivika kipande cha kitenge, akalifunga kilemba kidogo, akampa mjukuu wake bila kusema lolote, maana alishajua kwamba kusema ni kosa.

Nanzia aliligeuza mara mbili, akamrudishia kwa adabu.

"Hili ni gunzi," alisema.

Naelijwa aliliona hilo akiwa mlangoni. Kwenye fomu ya ukuaji, aliyoijaza kwa watoto wa watu maelfu ya mara, kulikuwa na mstari ambao kwa Nanzia aliuruka kila mwaka kwa kisingizio kwamba umepitwa na wakati: *Je, mtoto hucheza kwa kuigiza, kwa mfano kulisha au kumbeba mtoto wa bandia?* Alikumbuka yeye akiwa mdogo kuliko huyu, amebeba gunzi mgongoni kutwa nzima, na mama yake akimsalimia yule mtoto, akimuuliza ananyonya vizuri? Alijua ni gunzi. Alijua mama anajua. Na mama alijua kwamba yeye anajua, na wote wawili wakaendelea kumbembeleza. Ndani ya uongo ule alijifunza kwamba mtu mwingine ana kichwa chake, kina vyumba ambavyo huwezi kuvifikia mpaka akufungulie. Nani alimfundisha hayo? Hakuna mashine wala kitabu. Ni huyu huyu mzee aliyekaa pale ameshika gunzi, hajui alifanyie nini.

"Mama," Naelijwa alisema.

"Nimechoka, mwanangu," Bibi alisema. "Siyo kusema kweli. Kweli naiweza. Lakini hata mtoto akishanisikia, atamsikia nani? Huyu anayesema kijiko, kijiko?" Akafuta macho waziwazi, hakusingizia vumbi. "Lakini usikitoe kwa ajili yangu. Mimi nitakufa. Asiposema tena utanilaani kila siku, na utakuwa na haki."

Jioni ile Naelijwa alimpigia Mbazi simu tena.

"Nikikiacha," alimwambia, "kuna siku na mimi nitakuwa nafungua mdomo tu. Nimebakiza alama nne. Na wewe una thelathini na tisa, nimekuangalia. Unamwambiaga utakuja mwisho wa mwezi."

Mbazi alisema, "Fanya unaloliona. Lakini akinyamaza, nitakulaumu. Siwezi kukuahidi kwamba sitakulaumu."

Kwa kauli hiyo, Naelijwa aliwaza, wewe peke yako umepanda alama.

*

Jumatatu kliniki ilifungwa mapema. Sifuni, fundi wa vifaa, alikuwa ameandaa meza na fomu mbili za kusaini. Alikuwa amefanya kazi na Naelijwa miaka sita, na alikuwa amepandikizia mapacha wake mwenyewe.

"Dada, nikuulize mara moja tu, halafu sitauliza tena," Sifuni alisema. "Una hakika?"

"Sina."

Nanzia alikuwa ameketi mezani, miguu inaning'inia, kidonda cha mkononi kimeshakauka. Alikuwa na maneno elfu nne na mia moja kwa lugha tatu. Naelijwa alikuwa ameiangalia namba hiyo asubuhi, akajuta kuiangalia.

"Mama, itauma?"

Neno lilikuwa tayari ulimini, limelainishwa na matumizi ya miaka. Alilimeza.

"Itauma," alisema. "Siyo sana, lakini itauma."

Mtoto aliinamisha kichwa akisikiliza ndani ya sikio lake, kama alivyofanya daima. Kisha akamtazama mama yake kwa mshangao kidogo, kama vile sauti ya mama imeongezwa.

"Nitasahau vitu?"

"Utasahau maneno mengi."

"Yatarudi?"

"Sijui, mwanangu. Nadhani yatarudi. Sijui."

"Sawa," Nanzia alisema, na akampa mkono ushikwe.

Kazi yenyewe ilichukua dakika kumi na moja. Uzi ulitoka taratibu, mweupe, mrefu kuliko Naelijwa alivyoukumbuka. Ulipokwisha kutoka, Nanzia alifungua mdomo kusema jambo. Alisubiri, akageuza kichwa upande wa kushoto, akasubiri tena. Hakuna aliyemnong'oneza. Akaufunga mdomo, na uso wake ukajaa woga ambao mama yake hakuwahi kuuona pale, woga wa mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe na kukuta imehamwa.

*

Kwa siku hamsini na mbili hakusema kitu.

Haifai kulipamba hilo. Kulikuwa na siku alizogonga kichwa ukutani kwa sababu alitaka maji na hakujua namna ya kuyaomba. Kulikuwa na siku Mbazi alipiga simu, akauliza "Amesema?", akajibiwa hapana, akakata bila kuaga. Siku ya arobaini Naelijwa alifungua fomu ya rufaa ya kwenda kwa wataalamu wa mabubu, akaijaza yote isipokuwa sahihi. Na kila Jumatatu akina mama walikaa kwenye benchi na watoto wa miezi tisa mapajani, na Naelijwa, aliyekuwa na maneno yake ya kawaida, aliwaambia mashine ina hitilafu, waje wiki ijayo. Huo nao ulikuwa uongo, na alijua hautamtosha muda mrefu.

Bibi hakurudi Mamba. Alirudia utani wake palepale alipouachia, kwa sauti ileile ya kurusha kuku, mbele ya mtoto asiyejibu. Alimshtaki kwa kuiba mume. Alitishia kula vidole, akavihesabu, akadai kimoja kimeliwa tayari na fisi. Alisimulia sungura mpaka Naelijwa akawa anaota sungura. Nanzia alimtazama. Wakati mwingine mdomo ulicheza pembeni, wakati mwingine aliziba masikio na kujificha chini ya meza. Gunzi lile lenye kilemba lilikuwa limetupwa kwenye kapu la vitambaa. Wiki ya sita Naelijwa aliliona kitandani kwa mtoto, akaliacha palepale.

Siku ya hamsini na tatu ilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi. Bibi aliweka ndizi tatu mbivu mezani, akatoka kwenda kuanika nguo. Aliporudi zilikuwa mbili na ganda. Nanzia alikuwa amekaa sakafuni, mashavu yametuna, kidevu kinang'aa.

Bibi akashika kiuno.

"Ndizi ya mume wangu! Nani kala ndizi ya mume wangu?"

Naelijwa, aliyekuwa akivaa viatu aende kazini, aliinua macho kwa mazoea tu. Nanzia alimeza. Alimtazama bibi yake, akamtazama mama yake, akalitazama ganda, na kwenye paji la uso wake kukapita kazi nzito, kazi ambayo hakuna aliyekuwa akimsaidia kuifanya. Akanyoosha mkono chini ya meza, akalitoa lile gunzi, akalipaka ndizi iliyobaki vidoleni mwake pale ambapo pangekuwa na mdomo. Kisha akaliinua juu.

"Mtoto," alisema. Sauti ilikuwa imekwaruzika kwa kutotumika. "Mtoto kala."

Maneno mawili. Kati ya maneno elfu nne na mia moja yalikuwa yamerudi mawili, na yote mawili yalikuwa ya uongo.

Bibi Nakiete hakulia, kwa sababu alikuwa na kazi ya kufanya. Alikunja uso, akalisogelea lile gunzi, akalinyooshea kidole.

"Mwizi we!" akalifokea. "Na mama yako akusikie leo!"

Nanzia akalivuta gunzi kifuani haraka, akalifunika kwa mikono yote miwili lisipigwe.

Naelijwa alibaki na kiatu kimoja mguuni. Alitaka kumpigia Mbazi. Nje gari la kliniki lilikuwa limeshafika na linasubiri, na kule kwenye benchi walikuwapo wanawake saba na watoto wao, waliokataa kungoja Jumatatu nyingine, wamekuja kuambiwa habari ya ile mashine. Alivaa kiatu cha pili. Alimbusu mtoto, akafika mlangoni, na kwa mazoea ya miaka yote akageuka.

"Narudi sasa hivi," alisema.

Nanzia akamtazama muda mrefu, gunzi kifuani, na hakuna aliyemnong'oneza kama ni kweli. Ilibidi aamue mwenyewe. Akampungia mkono.